Mrejesho: ule utata wa Terminator

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza vitu viwili kuhusu hizi muvi za roboti wauaji wanaotumwa kutoka siku zijazo: T-1000, yule roboti wa chuma cha majimaji wa muvi ya 1991, kapitaje kwenye mashine ya muda wakati Reese, askari aliyetumwa kumlinda Sarah, kwenye muvi ya 1984 kasema kinapita chenye mwili hai tu, na vita ya mashine na binadamu imetokeaje kwenye ya tatu (ya 2003) wakati kwenye ile ya 1991 Cyberdyne, kampuni ambayo ingeunda Skynet, kompyuta inayoanzisha vita, ilishalipuliwa.

Nimezirudia. La kwanza, wengi mlisema yule wa chuma cha majimaji anaiga ngozi mpaka mashine inadanganyika, sawa, ila muvi yenyewe haisemi hivyo. Mi nimemwelewa zaidi aliyetaja ile sini ya polisi, Reese anabanwa kwa nini hakuja na silaha, mwisho anafoka kwamba mashine hakuitengeneza yeye. Jamaa ni askari, sio fundi, anaeleza alichoambiwa tu. Hapo nimeridhika.

La pili bado linaniwasha. Ya 2003 inasema maangamizi yalisogezwa mbele tu, halafu Dark Fate ya 2019 inazipiga chini zote za katikati, Skynet imefutika na kuna Legion, mfumo mwingine wa mashine, badala yake. Sasa kama Skynet haipo, Reese katumwa kuzuia nini? Na huyo John, mtoto wa Reese na Sarah anayekuja kuongoza binadamu vitani, kazaliwaje? Mnaosema ni matawi tofauti ya muda nionesheni ni wapi kwenye ile ya kwanza kuna tawi, maana picha ya Sarah inayopigwa mwishoni ndiyo ileile Reese alikuwa nayo vitani, yaani duara limefungwa kabisa.