Tupeane uzoefu: Ni jambo gani la 2007/08 lililobadilisha unavyopiga kura?

Mwanzisha uzi, Nakuru

Wadau, hamjambo. Uchaguzi mkuu wa Kenya, tarehe 10 Agosti 2027, hauko mbali, na huku mtaani kwetu vijana wameshaanza kubebwa kwa matatu kwenda kujaza mikutano. Nikiwaona nakumbuka yangu ya uchaguzi wa 2007 na ghasia za kikabila zilizofuata. Naomba tusiandike habari za wakubwa, hao wameandikwa vya kutosha. Sema wewe ulifanya nini wakati ule, na sasa unafanya nini tofauti. Naanza mimi.

Mwaka 2007 nilikuwa na duka dogo la vyakula. Desemba 27 nilipanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, nikapiga suti: rais, mbunge na diwani, wote wa chama kimoja. Huyo diwani sikumjua hata sura. Niliambiwa ni wetu, basi.

Jumapili ya tarehe 30 Rais Kibaki akatangazwa mshindi, akaapishwa Ikulu giza likianza kuingia. Sisi tukaimba barabarani. Ukuta wa duka langu ulikuwa pia ukuta wa fundi viatu, mtu wa kabila jingine. Tulichota maji kwa ndoo moja. Mwanangu alipozidiwa na malaria usiku, yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali.

Januari meseji zikaanza kuingia. Iliyonifikia haikutaja kuua. Ilisema tu kwamba "wao" wanaorodhesha nyumba zetu, tusiwauzie wala tusinunue kwao. Niliisoma nimekaa juu ya gunia la maharagwe, nikaituma kwa watu saba. Salio liliniishia kwa huyo wa saba, ndiyo maana idadi naikumbuka. Wiki ya mwisho ya mwezi Nakuru ikawaka. Kibanda cha fundi kikachomwa. Yeye na mkewe wakakimbilia kituo cha polisi, kisha wakapanda lori la kwenda magharibi. Sijamwona tena. Asubuhi yake viatu vya wateja vilikuwa ndani ya majivu, soli zimejikunja kama majani makavu.

Kiberiti sikushika, lakini meseji ile ilipita mkononi mwangu, na hilo naondoka nalo kaburini.

Siku hizi ujumbe wa siasa ukinifikia nampigia simu aliyeutuma: umeona mwenyewe au umeambiwa? Karibu wote wameambiwa. Kwangu unaishia hapo. Na suti sipigi tena. Mwaka 2022 nilimpa kura mwakilishi wadi wa chama nisichokipenda, kwa kuwa nilimkuta kwenye kikao cha bajeti akidai kujua bomba la maji limekwama wapi.

Mchangiaji, Kisumu

Dada, asante kwa kusema. Mimi nilikuwa na miaka 21, sina kazi, na mawe nilirusha. Duka kubwa tulilolipora ndilo mama alikokuwa akinunua unga. Wiki mbili baadaye alikuwa akitembea na pesa mkononi na hakuna pa kununua.

Binamu yangu hakurusha hata kokoto. Alikuwa akirudi nyumbani, risasi ikampata begani na kutokea shingoni. Ripoti ya Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilipotoka Oktoba 2008 nilimtafuta humo. Waliokufa ni 1,133, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Majina hayakuwamo, ni hesabu tu. Ninajua mmoja wa hao 405 alikuwa akipenda samaki wa kukaanga na pilipili nyingi.

Tangu hapo niliamua hasira yangu ifanye kazi. Mwaka 2022 nilikuwa wakala wa chama kituoni. Unakaa chumbani kutwa nzima, unahesabu karatasi mojamoja, unatia sahihi Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, unabaki na nakala. Kituoni kwetu tulibishana kura tatu zilizoharibika hadi saa nne usiku, tukakubaliana. Fomu ikabandikwa mlangoni, na baadaye nikaiona ile ile kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, sahihi yangu chini yake. Aliyeshinda kitaifa hakuwa wangu. Lakini ya kituoni kwetu hakuna atakayenidanganya, na vijana waliponijia wakitaka tutoke barabarani niliwaonyesha hiyo karatasi kwanza.

Dereva wa masafa marefu, Mombasa

Mimi nilikwama na tangi la mafuta siku tisa kabla sijavuka Malaba, mpakani na Uganda. Barabara imefungwa kwa mawe na magogo, reli nayo ilikuwa imeng'olewa Kibera. Wenzangu wa Kampala walikuwa wakinipigia wakilia na bei ya petroli. Kura yetu ilikuwa inawaumiza watu ambao hata hawakupiga. Nikisikia mgombea akisema "tutafunga nchi", namfuta hapo hapo, awe wa pwani, awe ndugu yangu wa damu.

Mwalimu, Kakamega

Nilisimamia kituo 2007. Kituoni kila kitu kilikwenda sawa, uchafu ulianzia huko kwenye kujumlisha. Tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza uchaguzi ule, ilisema wazi kwamba matokeo yaliharibiwa kiasi kwamba aliyeshinda urais hawezi kujulikana. Fikirieni hilo: watu zaidi ya elfu moja wamezikwa, na jibu la swali lililowaua halipo.

Kwa hiyo Katiba ya 2010 ilipokuja niliisoma na wanafunzi wangu kifungu kwa kifungu. Unapinga matokeo ya urais Mahakama ya Juu ndani ya siku 7, nayo inaamua ndani ya siku 14. Niliwafundisha vizuri. Halafu tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo hiyo ikafuta ushindi wa mtu niliyempigia kura! Niliumia, sitaki kudanganya. Wenzangu wa chumba cha walimu walianza kuwatukana majaji, na ulimi wangu ulikuwa tayari. Nikatazama ubaoni, kile kifungu bado kilikuwa pale kwa mwandiko wangu. Siku hiyo nilijifunza kukasirika nikiwa nimekaa kitini.

Mchangiaji, Nairobi

Mnafukua makaburi. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tulishasameheana.

Mchangiaji, Nyandarua

Aliyekusamehe ni nani, kaka? Mimi nilizaliwa 2004, sikumbuki kitu. Ninachojua ni hema. Mama alikuwa akiosha sufuria nje ya hema lenye maandishi ya wafadhili, na nikimwuliza kwa nini hatuna nyumba ananiambia nyamaza ule. Alinieleza nikiwa na miaka 20, baada ya Juni 2024, nilipotoka kupinga Mswada wa Fedha. Alinishika mkono mlangoni akidhani ni 2008 imerudi. Nikamwambia, mama, kule hakuna anayeuliza jina la pili ili ajue kabila lako. Alikaa chini akaanza kusimulia, tulimaliza alfajiri. Kama angenyamaza na hiyo methali yako, ningekuwa chambo cha yeyote mwenye lugha yangu. Kadi ya kura ninayo, na marafiki kumi na mmoja nimewapeleka mwenyewe kujiandikisha.

Mwanzisha uzi, Nakuru

Kaka wa Nairobi, usiondoke, bado tunakuhitaji hapa. Lakini binti amesema kweli. Tuna mzee mmoja amekuwa akisoma kimya tangu asubuhi. Mzee, karibu.

Mzee, Burnt Forest

Asanteni wanangu. Ninaandikiwa na mjukuu.

Nyie mnasema 2008. Nyumba yangu ilichomwa kwanza 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi uliporudi. Maneno yalikuwa haya haya, kwamba sisi ni madoadoa, yaani wageni wa kuondolewa. Tume ya Jaji Akiwumi ikachunguza mapigano yale, ripoti ikakaa kabatini hadi 2002 ndipo ikatolewa. Sisi tulijenga tena na tukanyamaza, watoto hatukuwaambia. Waliokuja kuchoma 2008, baadhi yao mwaka 1992 walikuwa bado wananyonya. Nani aliwaambia ilivyokuwa? Si sisi.

Kwenye majivu ya 2008 niliokota kufuli ya mlango. Imeyeyuka upande mmoja, ufunguo umekwama ndani. Naiweka mezani. Mgombea yeyote akija kwangu kuomba kura, awe wa kabila langu au la, namkaribisha chai na kufuli iko mbele yake.

Mwaka 2022 walikuja watatu. Wa kwanza aliisogeza ili apate pa kuweka simu. Wa pili aliniambia mzee hayo yamepita, akaacha noti chini ya kisahani, nikamtuma mjukuu amrudishie. Wa tatu aliishika, akaigeuza, akauliza ilikuwa ya mlango upi. Nikamwambia wa chumba cha watoto. Akaniuliza watoto wako wapi sasa. Huyo tulikaa naye mpaka chai ikapoa, nikamwuliza habari ya hati za mashamba, naye akatoa kalamu akaandika.