Kiti cha baba kimevunjika tena palepale nilipopaka gundi. Nakosea wapi?

Msasa Laini:
Wakuu, habari zenu. Nina kiti cha mbao ambacho marehemu baba alikikalia miaka mingi, na sitaki kukipoteza. Mguu wa nyuma ulipasuka juu kidogo ya pale unapoungana na kikalio. Nikapaka gundi nyeupe ya mbao, nikaufunga kwa kamba, nikauacha hadi asubuhi. Ulidumu wiki tatu, kisha mtu akaegemea nyuma na mguu ukaachia. Nikapaka tena, safari hii gundi nyingi hadi ikachuruzika. Siku mbili tu, umeachia palepale. Sijui kama tatizo ni gundi, ni mbao au ni namna nilivyofunga. Mwenye uzoefu anielekeze kabla sijaharibu zaidi.

Kigingi:
Pole sana mkuu. Gundi peke yake haiwezi kubeba uzito wa mtu. Pitisha misumari miwili mirefu kutokea nyuma, kazi imeisha.

Fundi wa Jioni:
Ndugu Kigingi, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Mguu wa kiti ni mwembamba, na msumari ukiingia karibu na ufa unafungua ufa mwingine. Halafu msumari haubani: kiti kikitikisika unapanua tundu lake kidogo kidogo mpaka unacheza.

Msasa Laini, kabla ya ushauri wowote, angalia sehemu iliyoachia kwenye mwanga mzuri. Je, unaona nyuzi za mbao zilizong'oka, au unaona utando laini unaong'aa? Na ufa unakwenda vipi: unafuata nyuzi za mbao kwa mshazari mrefu, au umekata mguu kwa upana?

Msasa Laini:
Asante mkuu. Nimeangalia. Pande zote mbili kuna utando unaong'aa kama plastiki, nyuzi zilizong'oka sizioni kabisa. Ufa ni mshazari, kama sentimita 12. Pia nimegundua upapi wa pembeni, ule unaoshika kikalio, ulimi wake unacheza ndani ya tundu.

Fundi wa Jioni:
Basi jibu unalo mkononi. Nyuzi zingeng'oka ningesema mbao imeshindwa. Utando unaong'aa unasema gundi haikuishika mbao kabisa. Gundi nyeupe hufanya kazi kwa kuzama kwenye vinyweleo vya mbao. Ikishakauka huziba vinyweleo hivyo, na gundi mpya ukiipaka juu yake haina pa kuingia. Mara ya pili hukugundisha mbao kwa mbao, uligundisha plastiki kwa plastiki. Hata ungemwaga chupa nzima.

Habari njema ni huo mshazari. Ufa mrefu unaofuata nyuzi una eneo kubwa la kushikana, na ukisafishwa vizuri unaweza kushika kuliko mbao yenyewe. Ungekuwa umekatika kwa upana ningekuambia utoboe uweke kijiti cha mbao ngumu ndani, au ubadilishe kipande, kwa sababu ncha za nyuzi hunyonya gundi na hazishikani vizuri.

Fanya hivi. Pasha siki ya kawaida iwe vuguvugu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya gundi ya zamani mpaka ilainike na kuwa nyeupe. Isugue kwa mswaki mgumu, na kwenye vijipengele tumia kijiti chenye ncha. Rudia mpaka utando uishe, futa kwa maji safi, kisha acha mbao ikauke kabisa, siku nzima au zaidi. Kama kuna msumari wowote utoe kwanza. Siki ikikutana na chuma huacha doa jeusi kwenye baadhi ya mbao. Na tafadhali usipige msasa ndani ya ufa. Zile nyuzi zilizochongoka ndizo zinazorudi kila moja mahali pake, ukizilainisha pande mbili hazitakutana tena.

Mama Randa:
Naongezea kuhusu kubana, maana hapo ndipo wengi tunapoharibu. Jaribu kwanza bila gundi. Funga klampu zako zote, yaani vibanio vya kukaza kwa skrubu, uone ufa unafunga hadi unabaki kama unywele. Ufa wa mshazari una tabia moja mbaya: ukiubana kwa ubavu, vipande viwili vinateleza kila kimoja upande wake. Kwa hiyo weka klampu moja ndefu inayobana kwa urefu wa mguu, ikaze kidogo tu kuzuia mtelezo, ndipo ubane za ubavuni.

Chini ya meno ya klampu weka vibao ili usiache alama, na kati ya kibao na mguu weka karatasi ya nailoni, la sivyo kibao nacho kitagandia. Ukipaka, paka pande zote mbili, safu nyembamba iliyoenea. Una dakika tano hivi, pengine kumi, kabla gundi haijaanza kushika, ndiyo maana jaribio la kwanza ni muhimu. Kaza mpaka uone vitone vidogo vikitoka kwenye mstari wote, kisha simama. Ukikaza kwa nguvu zako zote unaweza kuikamua gundi nyingi mno nje.

Kiti kiwe kimesimama sakafu iliyonyooka wakati kimebanwa, miguu yote minne ikigusa.

Msasa Laini:
Dada, ubarikiwe. Ila nina klampu mbili tu.

Mama Randa:
Zinatosha. Hizo mbili zitumie kuzuia mtelezo na kubana katikati. Kwingine kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe ukanda mrefu, uvute kwa nguvu huku ukiuzungusha juu ya nailoni, mzunguko juu ya mzunguko. Mpira unabana pande zote kwa pamoja na unafuata umbo la mguu kuliko hata klampu. Kamba ya kawaida hulegea, labda uipitishie kijiti uisokote. Usiguse kwa saa 24, na asikae mtu kabla ya hapo.

Fundi wa Jioni:
Na ule ulimi unaocheza: usichanganye unga wa mbao na gundi ukajaza, mchanganyiko huo ni dhaifu. Gundisha kipande chembamba cha mbao ubavuni mwa ulimi, kikikauka kichonge mpaka uingie kwa kusukuma kwa mkono, bila nyundo. Kabla ya hapo dondosha maji ya moto juu ya gundi ya zamani iliyomo tunduni. Ikilainika na kunata vidoleni, ni gundi ya wanyama, ile ya ngozi na mifupa.

Msasa Laini:
Wakuu, narudi na majibu. Kusafisha kumenichukua jioni mbili, utando ulikuwa umejificha hadi ndani kabisa ya ufa. Kwenye jaribio bila gundi mguu uliteleza kama alivyosema dada Mama Randa, nikahamisha klampu ndefu mara tatu hadi ukatulia. Leo ni siku ya tisa tangu nifungue. Nimekaa, nimeegemea, kimya, hata mlio hakuna. Mstari wa ufa lazima uutafute ndipo uuone.

Kwenye upapi, tone la maji ya moto limenata kama asali. Sasa niweke gundi gani?

Fundi wa Jioni:
Hongera sana. Kama unaipata gundi ya wanyama, tumia hiyohiyo: yenyewe hushikana na ile ya zamani, na siku moja mtu akihitaji kufungua ataifungua kwa joto na unyevu. Kama huipati, safisha tundu kwa maji ya moto mpaka vidole visinate tena, liache likauke, kisha weka gundi nyeupe. Kipande cha ulimi kichonge polepole, ukijaribu kila mara.

Msasa Laini:
Nimeelewa mkuu. Naanza kesho asubuhi.