Traka kwa bajeti ndogo: nianze na magurudumu, au usukani na siti?

Vumbi_Kavu (mwenye mada)
Salaam wakuu.

Nina pikipiki ya barabarani. Yenyewe sijaichoka, ila sura yake nimeichoka. Nataka niigeuze ifanane na zile za mbio za vumbi, traka: siti yenye mkia mfupi, usukani mpana, pleti ya namba mbele, tairi nene pande zote, madigadi karibu hakuna. Hela ni ya kubana.

Nimebaki na njia tatu. Hela yote iende kwenye magurudumu, inchi 19 mbele na nyuma, mengine yafuate baadaye. Au niache magurudumu yalivyo, ninunue usukani, siti na pleti, nipige rangi, basi. Au niuze hii, niongeze kidogo, nichukue Yamaha TW200 iliyotumika ambayo tairi nene tayari inazo.

Mwisho wa wiki kuna mtu ananiletea rimu mbili za 19 nizione, kwa hiyo naomba mnijibu mapema.

FundiNusu
Mkuu, umeandika yote hayo na pikipiki yenyewe hujaitaja. Ni ipi? Cc ngapi? Rimu zako ni za spoku au za kumiminwa? Unatembea lami au vumbi? Bajeti ni kiasi gani ukilinganisha na thamani ya pikipiki? Na hizo rimu za huyo mtu zina matundu mangapi?

Babu_Kabureta
Hata kabla hajajibu: magurudumu. Traka bila 19 mbele na 19 nyuma ni pikipiki iliyoazima nguo. Tazama XR750 ya Harley-Davidson ya mwaka 1972. Ondoa tanki, ondoa rangi, bado utaijua kwa yale magurudumu mawili yaliyolingana.

Mnyororo_Legevu
XR750 ni ya 1970, mzee.

Babu_Kabureta
Ya 1970 ilikuwa na silinda za chuma, inachemka kama sufuria. Inayohesabika ni ya aluminiamu, 1972.

Mnyororo_Legevu
Hata ikichemka jina lake bado XR750. Endelea, mzee wangu.

Vumbi_Kavu
Samahani wakuu, nilisahau. Ni Yamaha YBR125 ya kabureta. Bajeti ni kama robo ya hela niliyoinunulia. Natembea lami siku zote, vumbi kidogo mwisho wa wiki. Kuchomelea nina jamaa yangu.

FundiNusu
Rimu?

GiaYaTano
Wakati tunasubiri rimu, tupige hesabu kidogo. YBR nyuma ina 18, tairi ya 90/90. Kipenyo chake ukipima juu ya tairi ni kama milimita 619. Tairi za mashindano za 19 huandikwa 27 kwa 7, yaani kipenyo ni inchi 27, karibu milimita 686. Hapo gurudumu limekua kwa zaidi ya asilimia 10, na linasukumwa na injini ya farasi kama 10. Kilima ulichokuwa unapanda na gia ya nne utapanda na ya tatu huku unaimba dua. Spidomita nayo itakudanganya, itasema unaenda polepole kuliko unavyoenda.

Utaniambia nibadilishe sproketi. Sawa, ukitoka meno 14 mbele kwenda 13 unarudisha asilimia 7 hivi. Iliyobaki utaitafuta nyuma, kwenye sproketi kubwa zaidi na cheni ndefu zaidi. Hela hiyo haimo kwenye bajeti yako.

Dada_Spoku
Mimi ndiye ninayesuka magurudumu hapa, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Kutoka 18 kwenda 19 spoku zako za zamani hazifiki. Kutoka katikati hadi rimu pameongezeka karibu milimita 13, kwa hiyo unanunua seti nzima, mbele na nyuma. Halafu hesabu matundu. Habu, kile kitovu cha gurudumu, ikiwa ya matundu 36 haikubali rimu ya 32. Na hata zikilingana, matundu ya rimu hutobolewa kwa mshazari, yakielekea habu ya aina fulani. Habu ya breki ya dramu ni nene. Ukiipa rimu iliyotobolewa kwa habu nyembamba, kila spoku inaingia ikiwa imepinda shingoni. Siku ya kwanza utafurahi. Baada ya miezi michache utasikia *tii*, moja. Wiki ijayo *tii*, ya pili. Zinakatikia pale pale kwenye shingo.

Jambo la mwisho ni upana. Msivalishe tairi ya 130 kwenye rimu nyembamba ya pikipiki ndogo. Mabega ya tairi yanavutwa ndani, katikati inavimba, unabaki unatembelea mstari mwembamba kama baiskeli, na ukuta wa tairi unalamba cheni. Huyo mtu wa rimu muulize upana kabla hujauliza bei.

Babu_Kabureta
Dada umesema vizuri, ila yote hayo yanatibika. Anayetaka traka asuke.

Dada_Spoku
Shikamoo mzee. Yanatibika kwa hela. Kasema hana.

BrekiMoja
Mnamtisha bure. Atoe breki ya mbele na diski yake, uzito upungue, hela ya pedi abaki nayo. Traka halisi haina breki ya mbele.

FundiNusu
Wale wanazunguka uwanja, wote upande mmoja, kushoto tu, hakuna gari linalorudi nyuma kutoka kwenye maegesho. Na mguu wa kushoto wamevaa soli ya chuma wanaiburuza chini kwenye kona. Huyu anaenda kazini.

BrekiMoja
Basi asiite traka.

FundiNusu
Aiite Rehema akitaka. Breki ibaki.

GiaYaTano
Wote mko kwenye magurudumu, ngoja niseme ya usukani, maana ndio ulionivunja kidole gumba. Itakuwa ndefu, mnivumilie.

Nilinunua usukani wa upana wa milimita 840. Wa zamani ulikuwa 730 na kitu. Nikaufunga jioni moja, peke yangu, na taa ya simu. Kebo ya klachi ilifika. Kebo ya mafuta ilifika. Hosi ya breki ilifika. Hilo "ilifika" nililirudia kama wimbo. Usukani ukiwa umenyooka kila kitu kimekaa mahali pake, kimebana kidogo tu. Nikawasha, nikazunguka mtaa, nimetanua viwiko kama niko fainali.

Narudi nyumbani nakata kushoto kuingia getini. Usukani unakaribia mwisho, injini ikaanza kupanda yenyewe. Mkono wa mafuta nimeufunga, na ulikuwa umefungwa tangu mwanzo. Kilichokuwa kinavuta ni kebo, ganda lake limekakamaa shingoni mwa fremu. Nguzo ya geti iko mbele kulia, kwa hiyo nikakata kushoto zaidi niikwepe. Kebo ikavuta zaidi. Hapo ndipo shetani alipojificha: kadiri unavyokata kuikwepa nguzo, ndivyo pikipiki inavyokimbilia mbele. Ncha ya usukani ikagonga nguzo, sentimita zile zile nilizoongeza, na kidole gumba kilikuwa katikati.

Pikipiki ilipona kuliko mimi. Wiki sita mkono wa kulia hauwezi kufunga kifungo cha shati. Aliyeniuzia usukani nilipomweleza akaniuliza, "Kwani kebo hazikufika?"

Sasa nikifunga usukani wowote naweka pikipiki kwenye stendi kubwa, gia huru, nawasha, naiacha iungurume taratibu, napeleka usukani mwisho kushoto, halafu mwisho kulia. Mlio ukibadilika hata kidogo, sitoki. Halafu naangalia hosi ya breki pande zote mbili: ikinyooka kama uzi wa gitaa, ni fupi. Kwa hiyo, mwenye mada, ukichagua njia ya pili, usihesabu bei ya usukani peke yake. Hesabu kebo mbili na hosi.

Mnyororo_Legevu
Pole sana kaka. Hiyo ya nguzo nimeisoma huku nimekunja vidole.

Kwenye siti na mimi nina neno. Huyo jamaa wa kuchomelea, kabla hajagusa fremu, chomoa betri na chomoa CDI, kile kiboksi cha umeme kinachoipa plagi cheche. Chomoa kabisa, kuzima swichi hakutoshi. Mimi nilizima swichi tu. Mkia ulitoka mzuri, mshono safi, pikipiki haikuwaka tena hadi niliponunua CDI nyingine. Na kabla ya kukata chochote, toa shokapu, nyanyua gurudumu la nyuma hadi juu kabisa linapoweza kufika, uone tairi linagusa wapi. Ukikata fremu fupi na tairi nene, siku ya shimo kubwa tairi litakula siti kwa chini.

Babu_Kabureta
Na chujio la hewa lisiguswe! Najua mtakachofanya: mtatoa boksi la hewa ili pale katikati paonekane pako wazi, mtabandika kale kachujio ka duara. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi, plagi inakuwa nyeupe, nguvu ya chini inakufa. Kama lazima, jeti, kile kitundu cha kupitisha mafuta kwenye kabureta, ibadilishwe, tena plagi isomwe baada ya safari ya kweli. Kuiwasha uani hakutoshi.

Vumbi_Kavu
Asanteni sana wakuu, najifunza. Nimetoka kuangalia rimu. Hazina spoku. Ni za kumiminwa, zile za mikono.

FundiNusu
😂😂

Dada_Spoku
Nimeandika aya tatu za spoku, Vumbi_Kavu. Tatu.

Vumbi_Kavu
Nisamehe dada yangu. Nilidhani rimu ni rimu.

Dada_Spoku
Umesamehewa. Maana yake ni hii: ukitaka 19 hununui rimu mbili tu. Unatafuta na habu mbili za spoku zinazoingia kwenye ekseli zako, zenye mahali pa diski mbele na dramu nyuma, beringi, vipande vya kuziba nafasi pembeni, ndipo urudi kwenye zile aya zangu tatu. Robo ya bei ya pikipiki itaishia kwenye gurudumu la mbele.

Kigingi
Njia ya tatu basi. Mbona hakuna anayeizungumzia? TW200 mbele ina 130/80-18, nyuma 180/80-14. Unabadilisha usukani na siti, umemaliza. Mimi ninayo, sijawahi kujuta.

Babu_Kabureta
Nyuma 14? Hiyo si traka, ni puto lenye injini.

Kigingi
Puto langu halijakwama mchangani hata siku moja, mzee. Za kwenu zenye 19 nimezivuta mara mbili.

Mnyororo_Legevu
Hapo sasa tunaingia kwenye skrambla, zile za barabarani zilizogeuzwa kwa njia mbovu. Skrambla eksosi inapita juu, traka inapita chini. Tusichanganye.

BrekiMoja
XR750 eksosi zinapita juu, zote mbili, upande wa kushoto. Kwa hiyo XR750 ni skrambla?

Mnyororo_Legevu
...

GiaYaTano
Tumrudie mwenye mada jamani. Magurudumu yako ya 18 mbele na nyuma yamelingana tayari. Pikipiki nyingi hazina bahati hiyo. Paka rimu rangi nyeusi, tafuta tairi za 18 zenye vitofali vidogo vilivyokaribiana, upana ule unaokubalika na rimu yako. Kuna za mtindo huu zilizotengenezwa kwa barabara, kama Dunlop K180, ila angalia kama saizi yako ipo. Tairi yao ya DT3 usiiguse, ni ya uwanjani tu. Hela inayobaki: usukani usiozidi 800, kebo, hosi, siti.

FundiNusu
Naunga mkono. Ila siti asikate fremu. Atengeneze ya kufunga kwa bolti juu ya fremu ilivyo, siku akiuza arudishe ya zamani.

Vumbi_Kavu
Hapo kwenye siti kuna jambo sikulisema. Jumamosi huwa nambeba mke wangu.

Dada_Spoku
Yeye anajua kuhusu mkia mfupi?

Vumbi_Kavu
Bado.

FundiNusu
Mada imebadilika. Kwanza ongea na shemeji, halafu uje hapa.

Babu_Kabureta
Tengeneza siti mbili, moja ya Jumamosi. Bolti nne tu. Sisi tulifanya hivyo na mkia ulikuwa wa plastiki ya nyuzi, tunauchomoa dakika tano.

Kigingi
TW siti yake ni ndefu. Nasema tu.

Vumbi_Kavu
Wakuu, mrejesho. Mtu wa rimu nimemwambia asije. Siti bado inajadiliwa nyumbani. Ila leo nimepita mahali nimekuta usukani mzuri sana, mweusi, nimeshindwa kuvumilia, nimeulipia. Sijui upana wake hasa, ila ni mpana. Nafunga leo jioni.

GiaYaTano
Una kebo mpya?

Vumbi_Kavu
Nimejaribisha hizi za zamani. Zinafika.

GiaYaTano
Usiwashe. Nitumie picha, usukani ukiwa umekata kushoto hadi mwisho.