Tupeane uzoefu: samadi na dawa za miti, au mbolea ya dukani? Nani kashawahi kulia shambani?

Kijana wa Uyole
Wakuu habari. Leo kuna Fuso limeshusha kinyesi cha kuku jirani yangu hapa, ile harufu imenirudisha 2019. Nilisikia "kilimo hai, kilimo hai", nikabeba viroba kumi moja kwa moja kutoka bandani, nikazungushia kabichi za wiki tatu. Siku ya nne majani yameungua pembeni kama yamepitiwa na pasi. Mke wangu anauliza, "Umemwagia maji ya moto?" Lete yako.

Mama Bustani
Mbichi inaunguza, baba. Ilundike, ifunike, igeuzegeuze, subiri miezi mitatu.

Lumbesa
Miezi mitatu na mvua ishaanza? Mfuko wa kilo 50 wa UREA, mbolea ya dukani ya kukuzia, una kilo 23 za nitrojeni, kile chakula cha mmea. Kwa samadi ya ng'ombe unasomba tani kadhaa kupata hizo. Utasomba na nini, toroli?

Kamwene
Naunga mkono hoja ya toroli.

Mlima Viazi Uporoto
Lumbesa, na uchachu wa udongo hujaugusa. DAP (ile ya kupandia) na UREA miaka nenda rudi bila chokaa ya kilimo, mahindi yanakuwa mekundu mekundu huku umeshika mfuko wa mbolea mkononi. Mimi naweka samadi kwenye tuta, DAP kidogo juu yake. Ugonjwa wa ukungu ukija napiga dawa ya dukani. Viazi huku havikusubiri ufanye majaribio.

Lumbesa
Kwa hiyo wewe uko upande gani?

Mlima Viazi Uporoto
Upande wa magunia.

Mnyalu wa Kilolo
Ngojeni niwaambie ya kwangu. Viwavijeshi waliniingilia kwenye mahindi. Mzee mmoja akanionyesha utupa, ule mti uko mpaka kwenye ua wa nyumba. Twanga majani, loweka usiku kucha, chuja, weka sabuni kidogo, piga kwenye moyo wa mhindi. Nikapiga bomba nne za mgongoni. Nikajisifu kweli kweli, sijatoa hata mia dukani.

Jioni nikasuuza bomba kwenye mfereji, na yale makapi ya ndoo nzima nikayamwaga hapo hapo. Mfereji huo ndio unaoingia bwawani kwangu.

Asubuhi saa moja naenda kulisha, perege wote wako juu, midomo wazi, wanatafuna hewa. Nikadhani wana njaa, nikatupia pumba. Pumba ikaelea tu. Saa nne matumbo meupe bwawa zima. Mwanangu wa darasa la pili anawavuta kwa fimbo anawahesabu kwa sauti, mpaka nikamwambia anyamaze.

Kijana wa Uyole
Duh. Pole mkuu.

Mama Bustani
Jamani, utupa si ndio wazee walivulia samaki mtoni?

Mnyalu wa Kilolo
Sasa hivi ndio unaniambia, mama?

Lumbesa
Ndiyo hiyo "asili" yenu. Chupa ya dukani angalau imeandikwa usimwage kwenye maji.

Mlima Viazi Uporoto
Nani anaisoma? Wewe mwenyewe unapima kwa kifuniko cha soda. Na pareto tunayoanika huku, ile ya dawa ya wadudu, nayo ni ua, mwagia bwawani uone.

Kamwene
Samaki mliwala?

Mnyalu wa Kilolo
Nilichimba shimo. Majirani wawili walikuja na beseni, nikawakatalia, mpaka leo mmoja haniitikii.

Kamwene
Ungewakaanga tu.

Mama Bustani
Usimsikilize huyo. Ila viwavi walikufa?

Mnyalu wa Kilolo
Walikufa. Mahindi niligonga vizuri msimu ule.

Lumbesa
Kumbe inafanya kazi. Mbegu za huo utupa unauzaje?

Bwawa Safi
Nina vifaranga wa perege, nipo Tukuyu. Mkuu wa Kilolo njoo inbox, kwa msiba huo nakupunguzia.