Kuhamisha kanda za VHS kwa kompyuta ya zamani: picha inatangulia sauti, tatizo liko wapi?

Mwana wa Chumbageni

Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninazo kanda 17 za VHS alizoziacha marehemu baba hapa Tanga, nyingi zikiwa za harusi na maulidi za kati ya mwaka 1989 na 1998, na katika mbili kati ya hizo bibi yetu anasimulia habari za ukoo ambazo hakuna aliyezirekodi mahali pengine. Deki bado inacheza vizuri. Kompyuta ni Pentium 4 yenye Windows XP, kumbukumbu ya megabaiti 512, diski moja ya gigabaiti 80 na kadi ya PCI ya kunasia video yenye chipu ya Bt878. Programu ninayoitumia ni VirtualDub, nami hunasa picha bila kuibana.

Fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, huanza kupotea tangu dakika ya kwanza, na kadiri kanda inavyosonga ndivyo picha inavyozidi kuitangulia sauti, hata mtu anakuwa amekwisha kufunga kinywa ndipo maneno yake yasikike. Faili likifika gigabaiti 4, jambo ambalo halichukui muda, kazi husimama yenyewe. Fundi mmoja wa mtaani amenishauri niitupe kompyuta hii. Kabla sijatoa fedha, ningeomba kujua kama kosa ni la kompyuta, la kadi au la deki.

Fundi Mstaafu

Usiitupe, kijana wangu. Kadi za PCI za aina hiyo hazina pa kuchomekwa katika kompyuta nyingi za sasa, na XP ndiyo iliyozizoea.

Anza na hesabu. Picha ya PAL, mfumo wa televisheni unaotumika kwetu, ina nukta 720 kwa 576, kila nukta huchukua baiti 2, na fremu ni 25 kwa sekunde. Ukizidisha utapata karibu megabaiti 21 kwa sekunde, yaani gigabaiti 75 kwa saa. Sasa fungua Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, utazame chaneli ya IDE ambako diski imeunganishwa, usome kama imeandikwa DMA (njia ya kasi isiyoisumbua prosesa) au PIO (njia ya polepole ambayo prosesa hubeba data yenyewe). Windows XP ina tabia moja ambayo wengi hawaifahamu: ikikutana na makosa kadhaa ya kusoma au kuandika, hushusha mwendo wa diski hatua kwa hatua hadi PIO, wala haimwambii mtu. PIO haivuki megabaiti 16.6 kwa sekunde hata katika maandishi ya mtengenezaji, na kwa vitendo hufika chini zaidi huku prosesa ikihangaika kubeba kila baiti. Fremu isiyopata nafasi hutupwa, lakini sauti, ambayo ni nyepesi, huandikwa yote. Ndiyo maana picha inakimbia mbele.

Ukikuta PIO, iondoe chaneli hiyo palepale na uwashe kompyuta upya, nayo itaitambua diski kwa mara nyingine. Badilisha pia kebo bapa, kwa sababu mara nyingi ndiyo iliyosababisha makosa yenyewe. Tafuta ya nyuzi 80, si ya nyuzi 40. Kikomo cha gigabaiti 4 kwa faili moja ni cha FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye diski, nao hugeuzwa kuwa NTFS, mfumo mpya zaidi, kwa amri ya convert bila kufuta mafaili, ingawa ni busara kutunza nakala kwanza. Mwisho, nasa kwa kodeki (programu ya kubana video) iitwayo Huffyuv, ambayo hubana bila kupoteza chochote cha picha na hukupunguzia mzigo hadi gigabaiti 30 hivi kwa saa. Diski ya gigabaiti 80 bado itakuwa finyu kwa kanda ya saa tatu, kwa hiyo ongeza ya pili iwe ya kunasia tu.

Msafiri wa Bandari

Mimi nilitumia kile kifaa cha USB chenye kuibana picha papo hapo, na harusi ya dada yangu ilikamilika jioni moja. Sioni sababu ya taabu yote hii.

Fundi Mstaafu

Kwa kanda moja ya harusi sina ubishi nawe. Ila picha iliyobanwa sana wakati wa kunaswa, mikwaruzo ya kanda hugeuka kuwa vigae vya mraba, na huwezi kuvitoa baadaye.

Bint Pangani

Kuna njia ya tatu. Ukipata kamera ya MiniDV au Digital8 inayopokea picha kutoka nje, iunganishe kati ya deki na kompyuta kwa kebo ya FireWire. Kamera ndiyo itakayogeuza picha na sauti kwa pamoja, kwa gigabaiti 13 tu kwa saa, hivyo haviachani. Katika kadi ya Bt878 sauti hupitia kadi ya sauti iliyo peke yake, yenye saa yake ya ndani ya kupimia mwendo. Basi hata fremu zisipopotea, huenda ukaona tofauti ndogo inayokua polepole na kwa mwendo uleule. Hiyo hurekebishwa kwa kuinyoosha sauti mwishoni. Tofauti inayoruka ghafla ndiyo ya fremu.

Mwana wa Chumbageni

Shikamoo mzee, nawe dada nakushukuru. Ilikuwa PIO kweli, na kebo ilikuwa imekunjwa nyuma ya kisanduku cha umeme. Jana nimenasa saa nzima ya maulidi ya mwaka 1991 zikapotea fremu 3 tu. Nimebakiwa na maswali mawili: chini kabisa ya picha kuna utepe mwembamba unaochezacheza, na kanda mbili, moja ikiwa ya bibi, zina vumbi jeupe ukingoni mwa mkanda wa ndani.

Fundi Mstaafu

Marahaba. Utepe ule wa chini ya picha ni alama ya hedi (vichwa vya deki vinavyosoma kanda) kupokezana, televisheni za zamani ziliuficha nyuma ya ukingo wa kioo; ufunike kwa weusi ukimaliza, usiukate.

Vumbi jeupe ni kuvu, nasi wa pwani tunalijua. Kanda hizo usizitie kabisa katika deki uliyo nayo, kwa sababu kuvu litahamia kwenye hedi na kutoka hapo kwenye kanda nyingine 15. Zitenge katika mfuko wa plastiki, umalize kwanza zilizo safi, kisha utafute deki ya pili ya bei nafuu ambayo hutaihurumia. Hedi zake utazifuta kwa ngozi laini ya kusafishia (chamois) iliyoloweshwa alkoholi ya isopropili, ukiibana ngozi mahali pamoja na kuuzungusha kwa mkono mtungi unaobeba hedi. Usiipandishe wala kuishusha, na pamba ya masikioni usiitumie, kwani nyuzi zake hunasa hedi na kuzivunja.

Mwana wa Chumbageni

Nimezitenga. Kuna jirani ana deki isiyorekodi lakini inacheza, kesho nitamwendea.