Mzee ana ini lililosinyaa, tunaambiwa afunge siku 3 kwa maji tu ili "seli zijisafishe". Ni kweli?

Binti wa Ujiji

Habari za jioni ndugu zangu. Baba yangu ana miaka 61, yupo nyumbani Ujiji. Mwaka jana tumbo lilijaa maji, akapigwa ultrasaundi na kupimwa damu, tukaambiwa ni homa ya ini B ya siku nyingi na ini limeshajaa makovu, limesinyaa. Anameza tenofovir, dawa ya kudhibiti hicho kirusi, kila siku na vidonge vya kupunguza maji. Tumbo limepungua, ila amekonda hadi saa inamzunguka mkononi.

Kaka yangu yupo Dar. Anampenda sana mzee na hachoki kutafuta. Wiki hii ametuma klipu za mtu anayesema ukikaa siku 3 kwa maji tu seli zinakula uchafu wake na ini linakuwa jipya, na kwamba aliyegundua hilo alipewa Nobel. Mzee amekubali, anasema amefunga Ramadhani tangu utotoni, siku 3 hazimshindi. Anataka kuanza Jumatatu. Mama anaogopa. Naombeni msaada.

Muuguzi Mstaafu, Tabora

Mwanangu, mzee asianze huo mfungo. Leo usiku mpe chakula, kisha soma haya na kaka yako naye ayasome.

Kaka hajadanganywa kwa yote. Kazi ya seli kujisafisha ipo, tena habari zake zilianzia kwenye ini. Christian de Duve wa Ubelgiji alikuwa anachunguza ini la panya alipogundua, mwaka 1955, vifuko vidogo vyenye vimeng'enya vya kusaga, vinaitwa laisosomu. Mwaka 1963 akaipa jina la otofaji ile kazi ya seli kuvizungushia utando vitu vyake vilivyochakaa, kuvipeleka vikasagwe, na malighafi kutumika upya. Baadaye Yoshinori Ohsumi wa Japani akazitambua jeni zinazoiendesha, na hiyo ndiyo Nobel ya 2016. Ohsumi alifanya kazi yake kwenye hamira. Tuzo ile haikutolewa kwa tiba ya ini la mtu.

Ini linaihitaji kazi hiyo kwelikweli. Pombe, dawa, sumukuvu ya mahindi na karanga zenye ukungu, vyote hupitia hapo. Panya waliozimiwa jeni hizo ini lao lilivimba na kujaa mabonge ya protini chakavu, na wengine wakaota vivimbe. Tangu 2009 inajulikana pia kuwa matone ya mafuta ndani ya seli ya ini huvunjwa kwa njia hiyo. Kunywa pombe kwa miaka huizorotesha.

Ila kuna upande ambao klipu hazisemi. Makovu ya ini hufumwa na seli nyingine, zile zinazotunza vitamini A ndani ya matone ya mafuta. Ini likiumia, seli hizo huyavunja mafuta yao kwa otofaji ileile ili zipate nguvu ya kufuma kovu. Mwaka 2012 watafiti waliizuia ndani ya seli hizo kwa panya, na makovu yakapungua. Hata kirusi cha B, kama maabara zilivyoonyesha, huitumia kuzaliana. Kwa hiyo mtu akisema tuiongeze, muulize: kwenye seli zipi? Njaa haichagui.

Na hayo yote kwangu ni madogo. Kinachonitisha ni hiyo saa inayozunguka mkononi. Ini zima hutunza akiba ya sukari ya kumvusha mtu hadi asubuhi. Ini lenye makovu halina akiba hiyo ya kutosha. Mgonjwa wa aina ya mzee akilala bila kula kwa muda wa saa 10 tu, mwili wake unaamka katika hali ambayo mwenye afya angeifikia baada ya siku 2 au 3 za njaa. Kuni zimekwisha, anaanza kupasua mbao za mtumbwi: mwili unavunja misuli upate sukari. Na misuli hiyo ndiyo inayosaidia kuondoa amonia, taka yenye sumu, kwenye damu pale ini linaposhindwa. Ikiisha, utamwona analala mchana na kukesha usiku, anaongea yasiyoeleweka, viganja vinapigapiga akinyoosha mikono. Ukiona hivyo, au akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje kupambazuke, mpelekeni hospitali.

Nimekaa wodi ya wanaume miaka mingi. Nimewapokea wagonjwa wa ini wasiojitambua, na ndugu wananieleza kwa nia njema kabisa kwamba walimkataza samaki, nyama na maharage "ili ini lipumzike". Ushauri huo ni wa zamani na umewaumiza wengi. Anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo, bila kuhesabu kilo za maji ya tumboni. Mtu wa kilo 55 ni gramu 66 hadi 82 kwa siku. Ninyi mna ziwa, mna maharage ya Kasulu, mayai, maziwa. Ale kidogo kidogo, mchana asikae zaidi ya muda wa saa 4 bila kitu.

Halafu chakula cha kabla ya kulala, hicho ndicho ninachokisisitiza. Bakuli kubwa la uji wa ulezi wenye maziwa, au viazi vitamu, wanga usiopungua gramu 50. Huku kwetu ningempa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na kikombe cha maziwa. Aweke karibu na kitanda, hata akiamka saa 8 usiku ale.

Ustadhi, Kibirizi

Dada, mwambie mzee kwa upole. Hata funga ya Ramadhani mgonjwa ameruhusiwa kula, soma Al-Baqara aya ya 184. Asiyetarajia kupona anatoa fidia, analisha masikini. Kama anaona haya kula mchana watu wakimwona, nipo tayari kuja kukaa naye.

Dereva wa Mwanga

Shikamoo mama. Mimi nimeambiwa nina mafuta kwenye ini, nina kilo 96, pombe sinywi. Njiani nakula chipsi na soda. Na mimi nisifunge?

Muuguzi Mstaafu, Tabora

Marahaba mwanangu. Wewe ni habari nyingine, ilimradi hawajakuta makovu na hutumii dawa za kisukari. Kupunguza muda wa kula hakukudhuru, lakini faida yako itatokana na uzito kushuka. Ukishusha asilimia 7 hadi 10, kwako kama kilo 7 hadi 10, taratibu, uvimbe ndani ya ini huwa unapungua. Anza na soda, iache yote. Ukifika Ujiji kunywa kahawa chungu bila kashata: wanywaji wa kahawa wameonekana kupata makovu ya ini kwa uchache kuliko wasiokunywa.

Binti wa Ujiji

Asante mama, asante Ustadhi, njoo kesho baada ya Alasiri, mzee atafurahi. Amekula uji na yai. Nimemsomea kaka kwenye simu, amekaa kimya kidogo, akauliza atume hela ya maziwa kiasi gani. Mama anauliza kuhusu samaki wa migebuka, mzee anawapenda waliokaushwa.

Muuguzi Mstaafu, Tabora

Migebuka wabichi ndiyo, wa kuchemsha. Waliotiwa chumvi hapana, chumvi itayarudisha maji tumboni. Dagaa wa kuanikwa juani sawa, ila mama aonje mmoja kwanza kama ana chumvi, na waoshwe mara mbili kuondoa mchanga. Kwenye mboga atumie ndimu na kitunguu saumu badala ya chumvi.

Na wewe, mama na kaka mmeshapima homa ya ini B? Chanjo ya watoto wachanga ilianza nchini mwaka 2002, ninyi wakubwa hamkuipata. Nendeni mkapimwe. Asiye na kirusi wala kinga achomwe sindano 3: ya leo, ya baada ya mwezi 1, na ya miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Atakayekutwa nacho aanze kliniki mapema, ini likiwa bado zima.