Riba ikiwekewa kikomo, sisi wa chini tutakopa wapi?

Wakuu, kuna mdau kaleta hoja kwamba serikali ilazimishe benki zote riba isizidi asilimia 10, eti ndo wafanyabiashara wadogo watapumua. Naona wengi mmeshangilia. Mi napinga, na kabla hamjanirukia mnisikilize kwanza maana mi mwenyewe mhanga.

Nauza vipuri vya bodaboda, fremu moja tu huku Mbagala. Miezi miwili iliyopita nikaenda benki kuomba milioni 3 niongeze mzigo wa tairi na betri. Habari ya riba hata hatukuifikia, afisa mikopo alitaka hati ya nyumba iwe dhamana. Nikampa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, akaigeuza geuza, akanirudishia, akasema kaka hii kwetu haisaidii. Yani riba ingekuwa 16, 10 au hata sifuri, pale mi nilikuwa natoka mkono mtupu tu.

Nikaangukia kausha damu, hii mikopo ya mtaani ya rejesho la kila siku. Laki 5, rejesho elfu 25 kila siku kwa siku 26, piga hesabu mwenyewe, laki 6 na nusu hiyo, na unaanza kurudisha kesho yake hata betri moja hujauza.

Sasa tuangalie majirani zetu Kenya. Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alisaini sheria kwamba benki isitoze zaidi ya pointi 4 za asilimia juu ya riba ya Benki Kuu, ambayo Septemba ikashushwa hadi asilimia 10, kwa hiyo kikomo cha riba ya mkopo kikawa asilimia 14. Watu wakashangilia kama nyie hapa. Benki zikajiuliza, kwa 14 hiyo nihangaike na mama ntilie asiye na vitabu vya hesabu au ninunue hati fungani, yani niikopeshe serikali, nilale usingizi wangu? Mikopo ya wadogo ikakauka, na Novemba 2019 kikomo kikafutwa. Kichekesho sasa, muda wote huo M-Shwari, mkopo wa kwenye simu, ilikuwa inakata asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, ila ile waliiita ada, siyo riba, ikapita pembeni ya sheria. Zidisha mara 12 uone.

Mtasema natetea mabenki. Wapi! Hao wamezoea kukopesha watumishi wa umma, mshahara unakatwa juu kwa juu, hakuna jasho. Ugomvi wangu mi uko kwenye dhamana. Nusu ya wateja wangu wanalipa kwa simu kupitia lipa namba, kila shilingi iliyoingia inaonekana, taarifa ya miezi 12 hapo ingemwambia yule afisa kuhusu biashara yangu mambo ambayo hati ya nyumba haiwezi kumwambia. Na mzigo wenyewe upo dukani, aje auhesabu, kwa nini usiwe dhamana?

Aliyeleta hoja anijibu hapo kwenye hati, asiruke. Maana mi rejesho la mwisho nimelipa Ijumaa, Jumatatu asubuhi fremu sijaifungua jamaa wa kausha damu kashapiga simu, "kaka vipi, tukuwekee nyingine?"